Mdhamini wa Nyumba ya Akina Mama

Neno lenyewe nimeliogopa tangu utotoni, kabla hata sijajua maana yake. Kwetu Kilimanjaro baba yangu mdogo alimdhamini jirani kwenye mkopo wa dawa za kahawa, na jirani akaondoka asubuhi moja kwenda machimboni, asirudi. Waliokuja kudai hawakuhangaika kumtafuta. Walikuja moja kwa moja kwa baba mdogo na pikapu, wakatoa kabati likiwa na vyombo ndani, wakatoa redio, wakamfungua ng'ombe. Mama mdogo aliwafuata huku na huko akiwaomba waache angalau vikombe. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye migomba nimeshika mkono wa dada yangu, na hakuna mtu aliyetukumbuka mpaka jioni. Baada ya hapo, mtu wa ukoo wetu akifanya upuuzi mkubwa, baba alikuwa akisema, "Huyu naye anatafuta kuwa mdhamini." Ikawa kama tusi la nyumbani.

Sasa mchukue mtu aliyelelewa hivyo, mpe miaka hamsini na ushee, mpe fremu ya duka la zipu, vifungo na nyuzi Kariakoo, mtu asiyekopa wala kukopesha hata sindano. Halafu asubuhi, kabla hajamaliza kupanga mali, mwenyekiti aingie na bahasha ya kaki, aiweke juu ya boksi la lastiki, amwambie kwa sauti ya upole, "Mdogo wangu, weka saini hapa. Wenzako wameshaweka. Mdhamini aliyebaki ni wewe tu."

Nilicheka. Nilidhani ananitania, kwa sababu tunatoka upande mmoja wa mlima na utani upo. Nikamwambia mimi sijamdhamini mtu, labda amenifananisha. Hakucheka. Akanikumbusha siku ile tulipoenda Posta kwa wakili na picha za pasipoti.

Inabidi nieleze ile nyumba. Iko mtaa wa ndani, nyuma ya Msimbazi, nyumba ya chini ya zamani yenye vyumba vinne, ua na bomba, moja ya zile chache ambazo bado hazijabomolewa kupisha ghorofa. Ilikuwa ya mama mmoja wa Kihindu aliyeuza viungo jirani na fremu yangu kwa miaka mingi. Mume wake alipolazwa kabla ya kufariki, mama yule aliona hospitalini wanawake wa mikoani waliokuja na watoto wagonjwa. Watoto walikuwa na vitanda, mama zao wakilala nje kwenye maboksi. Watoto wake walipomwita akaishi nao ng'ambo, hakuiuza nyumba. Alituita sisi majirani zake wachache akasema anataka wale wanawake wawe na mahali pa kulala, tuunde chama, tukiandikishe, nyumba iwe ya kazi hiyo.

Tukaunda. Kila mwenye duka alitoa alichonacho. Mimi nilitoa magodoro na mapazia. Kwenye kikao cha kwanza mwenyekiti akasoma majina ya viongozi, akafika kwangu akasema, "Na wewe tunakuweka kwenye wadhamini." Watu wakapiga makofi. Nami, kwa akili yangu yote, nilielewa mdhamini kama wale wanaoandikwa kwenye jezi za mpira. Umetoa magodoro, jina lako linatajwa, unapigiwa makofi, unakaa. Kule Posta nilishangaa kidogo kwamba mtu aliyetoa magodoro anadaiwa picha mbili na saini mbele ya wakili, lakini nikajisemea siku hizi kila kitu ni picha. Yule mama wa Kihindu alinishika mkono kwa mikono yake miwili, macho yakimlengalenga, nami nikaona kweli magodoro yamemgusa.

Kwa hiyo, asubuhi ile ya bahasha, ndipo nilipojua kwamba nilikuwa mdhamini kwa miaka yote hiyo. Nilikuwa nimekula, nimelala, nimeenda kanisani, nikiwa mdhamini.

Mwenyekiti alinieleza mpango wake bila haraka. Kuna mkandarasi anataka kiwanja kile kwa ubia. Atabomoa nyumba, atapandisha ghorofa kumi, chini fremu, juu stoo na ofisi, na chama kitapewa sakafu moja ya nyuma. Wanawake watahamishwa kwa muda. Nilipouliza watahamia wapi, akasema hilo litatazamwa mbele ya safari. Nilipouliza mkandarasi ni nani, akasema ni shemeji yake, mtu safi, asingetuletea mtu wa barabarani. Mkandarasi angechukua mkopo benki, na kiwanja kingekuwa dhamana. Hapo sikuuliza tena. Nilisikia mkopo, nikasikia dhamana, nikamwona mama mdogo anakimbilia vikombe.

Nilimwomba aniachie karatasi nizisome. Akasema hamna shida, akaziacha. Na hapa niseme ukweli kuhusu mwenyekiti, maana ni rahisi kumgeuza mtu kuwa shetani. Hakuwa shetani. Alikuwa mkubwa wangu kwa miaka kama kumi, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mtu wa kusaidia misiba. Luku ya nyumba ile ikiisha, wengine tukianza kutazamana, yeye anatoa simu anaweka umeme. Maji yakikatwa, yeye. Pole pole vikao vikawa vinaitishwa akiwa na nafasi, vinaisha akichoka. Taarifa ya mwaka anaandika yeye, sisi tunainua mikono. Nani angemnyanyulia sauti mtu anayekuwekea umeme?

Na kwangu kulikuwa na jambo la zaidi. Jengo lenye fremu yangu lilikuwa lake. Kila mwaka mkataba wa fremu unapofika mwisho, mimi ndiye ninayepanda ngazi kwenda ofisini kwake nikiwa nimefunga vifungo vyote vya shati. Anayejua Kariakoo anajua maana ya fremu ya mbele. Ukiipoteza, anayeingia anatoa kilemba, pesa ya kuingilia, ambacho wewe huwezi kukifikiria, na wewe unaenda kutafuta uchochoro usiopitwa na mteja. Mafundi wa nusu ya jiji walijua zipu zao ziko mlango ule.

Nikaanza kumkwepa. Nikimwona anakuja, nashuka nyuma ya kaunta kana kwamba nimedondosha kitu. Siku moja nilikaa chini pale mpaka magoti yakafa ganzi, mteja akiwa amesimama na zipu mkononi ananiuliza, "Mzee, upo?" Nyumbani Tabata kila gari lililopunguza mwendo nje ya geti lilinifanya nihesabu kichwani vitu vilivyomo sebuleni. Nilikuwa naogopa kitu kimoja tu, na nitakitaja bila aibu: niliogopa nyumba yangu. Nyumba niliyoijenga chumba kwa chumba, zipu kwa zipu, niliiona inachukuliwa kwa ajili ya ghorofa la shemeji ya mtu.

Mwisho nikaanza kuhamisha vitu. Jumamosi niliita kirikuu, nikapakia friji, televisheni na cherehani ya mke wangu, nikavipeleka kwa dada yake Kimara. Mke wangu alirudi kutoka kanisani kwenye mazoezi ya kwaya akakuta alama ya friji sakafuni.

"Baba watoto," akasema, "friji imeenda wapi?"

Nikamweleza yote, tangu magodoro. Nilitegemea anicheke, na pengine ningefurahi. Hakunicheka. Alikaa kwenye kiti akaniuliza kama nimemwuliza mtu yeyote anayejua maana ya mdhamini wa chama, au nimemwuliza baba yangu mdogo tu, ambaye alishakufa. Akaniambia Jumatatu niende Posta, kuna binti wa fundi mmoja mteja wetu, sasa ni wakili, tumemwona akikua chini ya meza ya cherehani ya mama yake. Nimpelekee karatasi. Na friji irudi.

Jumatatu nikaenda. Binti alinipokea vizuri, "Shikamoo mzee," akanipa maji, akasoma karatasi zile ukurasa kwa ukurasa wakati mimi nikiangalia mikono yake kama anayesubiri majibu ya damu. Alipomaliza nikamwuliza swali langu kabla hajafungua mdomo. Nyumba yangu ya Tabata wataichukua lini?

"Nyumba yako haihusiki kabisa," akasema. "Mzee, wewe hapa hujamdhamini mtu. Ile ya mkopo ni nyingine. Hapa umekabidhiwa mali ya watu uwashikie. Nyumba imeandikwa kwa jina la wadhamini, lakini si yako, si ya mwenyekiti, ni ya kazi iliyoandikwa kwenye katiba ya chama. Nyie wadhamini watatu ndio mnaoishika."

Nikamwuliza tena kwa njia nyingine, maana woga haushibi kwa jibu moja. Nikisaini, shemeji akishindwa kujenga, benki ikaja, itanifanya nini mimi?

"Ukiwa umesaini kwa nia njema, haitakufanya kitu. Itachukua kiwanja." Akarudi kwenye karatasi, akanionyesha kwa kalamu. Hakuna mahali palipoandikwa wanawake watalala wapi wakati wa ujenzi. Hakuna mahali palipoandikwa ghorofa liishe lini. Bila saini tatu mkataba haupo. "Hao wanawake hawajui hata kama kuna karatasi," akasema. "Kwa hiyo hakuna atakayekuja kukudai."

Nilitoka pale nikiwa mwepesi. Nilitembea kwa miguu kutoka Posta mpaka Kariakoo, jua la saa sita, nikanunua machungwa ya kumenywa, nikamsalimia kila mtu. Kwa mwoga huenda kicheko, nilijiambia, na kweli nilikuwa nacheka. Friji inarudi. Karibu na Mnazi Mmoja nikawa nimeshaamua: nitasaini. Kwa nini nisisaini? Nyumba yangu iko salama, fremu yangu itabaki salama, mwenyekiti atafurahi, na mimi nitaacha kupiga magoti nyuma ya kaunta. Wakili mwenyewe amesema hakuna atakayekuja.

Nilikuwa nakula chungwa la pili nilipolisikia vizuri neno hilo. Hakuna atakayekuja. Kwa baba mdogo walikuja na pikapu, na tulilia, lakini walau kulikuwa na wenye kudai na wenye kudaiwa, wakaonana uso kwa uso. Wale wanawake wangetolewa na vindoo vyao, wangerudi kwenye maboksi, na wasingejua kwamba kuna mtu wa zipu aliyewahi kuulizwa. Woga ulirudi pale pale barabarani. Huu mpya sikuujua, ulikuwa hauna pikapu. Hata hivyo sikubadili uamuzi. Nilimpigia mwenyekiti simu nikamwambia kesho tukutane kwenye nyumba ya akina mama, nitasaini. Alisema, "Hayo ndiyo maneno."

Kesho yake tulikaa uani, mwenyekiti, mimi, na mdhamini wa tatu, muuguzi mstaafu, mama wa watu ambaye macho yake yalikuwa yameanza kuona ukungu. Kabla mwenyekiti hajafika nilimwuliza huyo mama kwa nini yeye alisaini. Akaangalia mlangoni kwanza. Akasema kwa sauti ya chini kwamba mwenyekiti ndiye anayeweka luku, na yeye hawezi kulala akifikiria giza ndani ya vyumba vile. Basi tukakaa tukimsubiri, waoga wawili.

Mwenyekiti alipoingia, wanawake waliokuwa bombani walisimama wote. Mmoja alikimbia kufuta kiti kwa khanga. Nilikuwa nimeliona hilo mara nyingi na sikuwahi kulifikiria. Sakafu ya nyumba ile ilikuwa inang'aa kuliko ya kwangu, na ua ulikuwa umefagiwa hata palipokuwa hapana kitu cha kufagia. Walimwita baba mwenye nyumba. Naye hakuwasahihisha, na sisi pia hatukuwasahihisha.

Karatasi zikawekwa mezani. Nilikuwa na kalamu mkononi. Akatoka chumbani mwanamke mmoja wa Rukwa, mwembamba, aliyekuwa pale muda mrefu kidogo, mtoto wake alikuwa na ugonjwa wa damu. Alikuja akapiga magoti mbele ya mwenyekiti kama wanavyosalimia wakubwa kwao, akabaki chini. Akasema mtoto wake amefariki jana hospitalini. Alisema bila kulia, kama mtu anayetoa taarifa. Ndugu wanachanga nauli ya kusafirisha mwili. Anajua anatakiwa ampishe mwingine nafasi yake kwa kuwa hana tena mgonjwa, lakini anaomba baba mwenye nyumba amvumilie kidogo, mpaka gari lipatikane.

Mwenyekiti aliguswa, nilimwona. Alimwinua kwa mkono, akatoa noti mfukoni akamfumbatisha kiganjani, akamwambia, "Pole sana, mama. Wewe kaa tu. Kwenye nyumba yangu hii hakuna atakayekufukuza."

Yule mama akashukuru akarudi ndani. Mwenyekiti akafuta uso kwa leso, akanisogezea karatasi.

Sijui nieleze vipi. Angemfukuza ningeweza kusaini, nadhani, kwa hofu ile ile ya siku zote. Lakini alimfanyia wema, na wema ule ulikuwa wa mtu anayegawa chake. Nyumba yangu hii. Hakuwa anadanganya, aliamini. Na mimi niliyeishikilia, niliyepigiwa makofi na kushikwa mkono, nilikuwa nimekaa pembeni nimeshika kalamu nikisubiri kumkabidhi. Niliweka kalamu mezani.

"Sisaini," nikasema.

Aliniuliza kama naumwa. Nikasema hapana. Nikaanza kumweleza mambo ya wakili, wapi watalala, ghorofa litaisha lini, lakini maneno yalitoka yamevurugika. Muuguzi aliinamisha kichwa. Mwenyekiti alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akakusanya karatasi zake taratibu, akazirudisha kwenye bahasha.

"Mdogo wangu," akasema, "mkataba wa fremu yako unaisha lini?"

Alijua unaisha lini. Mimi nilimtajia tu mwezi, Desemba, kama mtoto aliyeulizwa na mwalimu. Akaitikia kwa kichwa, akamuaga muuguzi, akatoka. Tangu siku ile hajaniambia neno baya. Tukikutana ananisalimia, anauliza hali ya mama watoto. Luku ya nyumba ile haweki tena, na sasa wenye maduka tumegawana zamu, wengine wanalipa, wengine wananiambia mimi ndiye niliyezuia maendeleo nilipe mwenyewe. Ninapoandika haya Desemba haijafika. Dalali mmoja ameshaonekana mara mbili akiupima mlango wangu kwa macho. Mke wangu ananiambia tutaanza upya hata uchochoroni, na mimi namwitikia, ila mikono yangu ikishika kufuli asubuhi huwa ya baridi. Sijawa shujaa. Naogopa kuliko nilivyoogopa mwanzo, na sidhani kama woga huu utaniisha.

Lakini siku ile, baada ya mwenyekiti kuondoka, nilibaki uani. Yule mama wa Rukwa alitoka tena. Alikuwa amefunga khanga zake na ndoo yake ameshaibeba, na chini ya mkono alikuwa na shuka la mtoto limekunjwa vizuri. Alikuwa amesikia sauti zetu. Akasema samahani baba, kama mmekosana kwa ajili yangu, mimi naweza kuondoka leo hii, nitakaa kule hospitalini nje mpaka ndugu wafike.

Nilimwambia hapana. Nilimpokea ndoo nikaiweka chini. Nikamwambia nyumba hii si ya yule baba, wala si yangu, ni yake yeye na wenzake, imeandikwa hivyo kabisa, na akae mpaka gari lipatikane.

Akaangalia mlango aliopitia mwenyekiti akitoka, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Sasa mwenye nyumba akirudi atasemaje?"